Kampasi Hufia Kwenye BOQ

Ukitaka kujua ofisi inajengwa kwa ajili ya nani, achana na zile picha za kompyuta zenye nyasi za kijani na watu wanaocheka. Omba BOQ. Lile jedwali la vipimo na gharama, refu na la kuchosha, ndilo linalosema ukweli. Tazama kibanda cha mlinzi kiko ukurasa gani. Tafuta miti. Tafuta bomba la maji la yule anayedeki. Ukivikuta vimerundikwa mwisho kabisa chini ya "kazi za nje", jua havitafika, kwa sababu fedha zikipelea mkasi huanzia nyuma.

Mimi ni msanifu majengo. Nimezaliwa Lindi, Mtanda, na kazi zangu nyingi ziko Mtwara, ambako saiti zote wananiita injinia na nimeshachoka kuwasahihisha. Kwa muda sasa nasimamia ujenzi wa ofisi za taasisi moja inayohudumia wakulima wa korosho. Sitaitaja jina, bado tunalipana. Ni majengo matatu, kila moja lina ghorofa moja juu, kwenye kiwanja chenye mikorosho ya zamani upande wa kuelekea Mikindani. Kwenye hadidu za rejea waliandika kwamba wanataka kampasi endelevu inayomjali mtu. Maneno hayo nimeyabandika ukutani, na kila kikao cha gharama naanza kwa kuyasoma kwa sauti. Wajumbe wengine wanakereka. Sawa tu.

Mchoro wa kwanza haukuwa wangu. Ulitoka kwa washauri wa wafadhili, huko Ulaya, na ulikuwa mzuri wa kutazama: ukuta mzima wa kioo upande wa kaskazini, maelezo pembeni yakisema mwanga wa kaskazini ni mtulivu na hauleti joto. Kwao ni kweli. Ila Mtwara iko nyuzi 10 na kidogo kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini mwetu mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari 21 na tena karibu na Oktoba 20. Katikati ya tarehe hizo, kuanzia mwisho wa Februari hadi Oktoba, jua la mchana liko kaskazini. Mwezi Juni, saa sita mchana, linasimama kwenye nyuzi 56 hivi kutoka upeo wa macho, likimulika sawasawa kwenye kile kioo chao kitulivu.

Kwa hiyo nilipiga hesabu upya. Kwa dirisha lenye kimo cha mita 1.5, ukitaka kivuli kilifunike lote mwezi Juni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, upande wa kaskazini unahitaji kikingio kinachotokeza nje karibu mita 1.4. Upande wa kusini, ambako jua linakuja Desemba likiwa juu zaidi, sentimita 60 zinatosha. Mashariki na magharibi usisumbuke na vikingio, jua la pande hizo linakuja chini na litaingia tu; huko weka ngazi, stoo, vyoo, na ukuta mzima. Majengo yetu yote matatu yamelala mashariki kwenda magharibi, na madirisha yanatazama kaskazini na kusini. Bahati nzuri kusi na kaskazi, pepo zetu mbili, zote zinakuja kwa mshazari kwenye kuta hizo na kuingia bila taabu.

Hapo kuna jambo lingine nililolazimika kuligombania. Kila mtu anayezungumzia majengo ya kijani Afrika atakuonyesha Eastgate ya Harare, jengo la Mick Pearce la mwaka 1996, linalopozwa kwa namna inayofananishwa na kichuguu cha mchwa. Ni jengo ninaloliheshimu sana. Lakini linategemea usiku wa baridi: hewa ya usiku inasukumwa kupita kwenye sakafu nzito za zege, zege linapoa, na mchana linairudisha ile baridi. Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Sisi tuko kando ya bahari yenyewe. Mtwara ya Januari, usiku wa manane, shuka linakubandika mwilini. Ukijaza zege nene ukingoja usiku ulipoze, utangoja mpaka kusi irudi.

Kinachofanya kazi hapa ni upepo unaopita juu ya ngozi ya mtu. Basi. Dari liwe juu, jengo liwe jembamba ili hewa iingie huku na kutokea kule, na pangaboi lizunguke pale upepo unapogoma, hasa zile wiki kusi imekwisha na kaskazi haijashika. Kanuni ya mazoea inasema upana wa jengo usizidi mara tano ya kimo cha chumba kama unataka hewa ipenye. Dari letu liko mita 3.2, kwa hiyo mwisho ni mita 16. Mchoro wa awali ulikuwa na mita 22. Nimejenga 10, kwa sababu kanuni hiyo haijui kwamba maofisa wanapenda kuegemeza makabati ya mafaili kwenye madirisha. Pangaboi linakula wati 60 au 70 na kumfanya mtu aone joto limepungua nyuzi mbili tatu. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja kinakaribia wati 1,000. Tumeweka viyoyozi chumba cha seva, ukumbi wa mikutano, na ofisi ya mkurugenzi. Hiyo ya mwisho msiniulize.

Kabla ya kuchora upya niliwapeleka wajumbe wa kamati Mikindani. Wengi wao wanapita pale kila siku na hawajawahi kushuka kwenye gari. Tulitembea kwenye vile vichochoro, nyumba zikitiliana kivuli, kuta nene za matumbawe na chokaa, mabaraza ya nje ambapo mgeni anakaa bila kuingia faragha ya mwenye nyumba. Tukapanda hadi kwenye Boma la Mjerumani la mwaka 1895, ambalo baadaye liligeuzwa hoteli, tukasimama dirishani kupigwa na upepo. Mjumbe mmoja akauliza kwa nini basi tusijenge kwa matumbawe. Nikamwambia hapana, na ninaamini hivyo kwa moyo wote. Chokaa ile ilitokana na kuchimba miamba ya baharini na kuichoma kwa kuni nyingi, na miamba hiyo ndiyo nyumba ya samaki tunaowala. Kutoka hapa kwenda kusini kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 ili kuilinda. Cha kuchukua Mikindani ni baraza, kivuli na upana wa kichochoro. Mawe tuyaache majini.

Kuta zetu ni za tofali za kufungamana, udongo ulioshindiliwa na saruji kidogo, zile ambazo wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba bora umezinadi miaka mingi. Hazichomwi, kwa hiyo hakuna mti unaoanguka kwa ajili yake. Udongo wa kiwanja chetu ni mchanga mtupu, hivyo tulileta udongo mwekundu kutoka bara kidogo, ukapimwa, na vijana wakafundishwa mashine. Saruji inazalishwa hapa hapa Mtwara, jambo ambalo mafundi wazee wanalisema kwa furaha, kwa kuwa wanakumbuka ilivyokuwa ikisafiri zaidi ya kilomita 550 kutoka Dar es Salaam kwa barabara isiyopitika masika.

Mji wa Mtwara wenyewe ni somo la kampasi iliyopangwa bila mwenye kutembea. Ulichorwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya ule mradi mkubwa wa karanga wa wakoloni wa Kiingereza: bandari, reli ya kwenda Nachingwea, barabara pana, mitaa iliyoachana kana kwamba kila mkazi angekuwa na gari. Mradi ulianguka mwaka 1951 na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watu wakabaki na nafasi kubwa za kuvuka juani. Ndiyo maana majengo yangu yamesogeleana. Wafadhili walitaka yasambae "kwa hadhi". Mimi nilitaka mtu atoke uhasibu kwenda masijala bila kuhitaji kofia.

Sasa nije kwa watu.

Niliomba ruhusa ya kukaa kwenye ofisi zao za zamani na kuuliza. Mkurugenzi akadhani nitaanza na wakuu wa idara. Nikaanza getini. Mlinzi wa mchana ni mzee wa Nanyamba, mstaafu wa kazi za bandari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo ndiyo ramani?" Akaigeuza, akaigeuza tena mpaka alipopata bahari iko wapi. "Hivi huyu aliyechora kibanda kitazame magharibi, amewahi kukaa ndani ya bati saa kumi?"

Kisha akaniuliza choo chake kiko wapi. Hakikuwepo. Mlinzi wa zamu ya saa 12 mfululizo alitakiwa aache geti, avuke uwanja mzima, apite mapokezi. Kibanda sasa kinatazama kusini, kina paa mbili zenye nafasi ya hewa katikati, kina choo, na kina dirisha la kuona barabara akiwa ameketi.

Dada anayefanya usafi yeye aliniambia kitu kimoja tu, kwamba ghorofa ya juu haina bomba. Kila ndoo anaipandisha ngazi, na kila ndoo chafu anaishusha. Akaongeza, kwa sauti ya mtu asiyetarajia kusikilizwa, kwamba mopu hazikauki maana zinafungiwa chooni, ndiyo maana korido inanuka. Nimechora majengo miaka mingi na hakuna profesa aliyenifundisha mopu ikaukie wapi. Kila jengo sasa lina kijichumba chenye bomba, sinki la chini na ukuta wa tofali za matundu upande wa upepo, kimoja chini na kingine ghorofani.

Kuna wakulima pia. Wanaondoka Tandahimba au Newala kabla ya jua, wanashuka hapa asubuhi, na ofisa wa kuwahudumia huenda akafika saa nne. Kipindi cha minada ya korosho, kuanzia Oktoba, wanakuwa wengi. Walikuwa wanakaa kwenye ukingo wa mtaro. Kampasi inayomjali mtu, huyo ndiye mtu wa kwanza, kwa sababu taasisi ipo kwa ajili yake. Kwa hiyo jengo la mbele lina baraza refu la kujengea, nje ya mapokezi, lenye maji ya kunywa na vyoo vinavyofunguka upande wa nje, asihitaji kumwomba mtu ufunguo. Huduma zote za umma ziko chini, kwa kuwa hatuna lifti. Sakafu iko sentimita 45 juu ya ardhi, na mteremko wa kiti cha magurudumu una urefu wa mita 5.4, yaani 1 kwa 12. Mkandarasi alijaribu kuufanya mita tatu "kuokoa nafasi". Nilimwomba ausukume yeye mwenyewe toroli lenye mifuko miwili ya saruji hapo, mbele ya vijana wake. Hakurudia hoja.

Mahali pa kusalia na kutawadhia halikuwa kwenye mchoro wa awali, Mtwara hii. Chumba cha kunyonyeshea nacho hakikuwepo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha mpaka saa mbili ndani ya saa za kazi. Saa hizo atazitumia wapi? Nilipouliza hivyo kikaoni, wanaume watatu waliangalia simu zao kwa pamoja. Mhasibu, ambaye ana mtoto mchanga, akasema yeye huwa anakaa stoo ya vifaa vya ofisi, akiwa ameegemea mlango ili asije mtu. Chumba kikapita bila kura.

Haya yote yaliingia kwenye michoro, na kila mtu akapiga makofi. Kisha zikaja bei za wazabuni.

Zilizidi bajeti, kama kawaida. Mkadiriaji majenzi wetu, kijana makini, sina ugomvi naye, akaleta orodha ya kupunguza. Tangi la maji ya mvua lisubiri awamu ya pili. Baraza la wakulima liwe mabenchi ya chuma. Mapangaboi yatolewe, viyoyozi vitanunuliwa baadaye kwa bajeti ya uendeshaji. Miti mipya itolewe. Vijichumba vya mopu navyo vitolewe. Nikatafuta sakafu ya itale ya ukumbi wa mapokezi, haikuguswa. Nembo kubwa yenye taa, haikuguswa. Huyu kijana hakuwa na ubaya wowote. Alikata vile ambavyo kwenye jedwali vilisimama peke yake na vingeweza kutoka bila kubomoa kingine.

Na hilo ndilo ninalotaka wasanifu wenzangu walioko Kusini walisikie. Vitu vya watu visiachwe visimame peke yake. Vifunge ndani ya vitu ambavyo mkandarasi hawezi kuvikwepa. Nilirudi mezani na kuchora upya. Tangi likaingia chini ya sakafu ya varanda, kuta zake zikiwa ndizo msingi wa varanda. Ukilitoa, varanda haina pa kusimama. Baraza la wakulima likawa sehemu ya ukuta wa msingi upande wa mbele. Vikingio vya jua vikawa zege lililounganishwa na mkanda wa juu wa madirisha, vinamwagwa siku ile ile. Mabomba ya vijichumba vya mopu yakapita kwenye shimo moja na ya vyoo, kwa hiyo kuyafuta kunaokoa fedha ya sinki tu. Bei ikashuka kidogo, na orodha ya kukata ikabaki na vitu ambavyo kweli ni mapambo. Itale ikaondoka. Tumeweka terazo.

Vikingio vya zege vina sababu nyingine. Paa pana la bati linaleta kivuli, lakini kimbunga kikija, ule ukingo mpana ndio upepo unaoushika na kuunyanyua. Tulikaa roho juu Aprili 2019, Kenneth alipokuwa anakuja; watu wa pwani waliambiwa wahame, kisha kikapigia ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado. Mei 2024 Hidaya ilipita kwa upande wa Mafia na mvua zake zikakata barabara kati ya Lindi na Dar es Salaam. Na wazee wa kwetu Lindi wana simulizi za kimbunga cha Aprili 1952. Kwa hiyo bati letu limeishia karibu na ukuta, kenchi zimefungwa kwa vyuma hadi kwenye mkanda wa zege, na kivuli kinatolewa na zege. Chumvi ya bahari nayo haina subira: nondo ikikaa karibu na uso wa zege, miaka michache tu linapasuka. Vipande vya kutenganisha nondo na mbao nilivikagua mwenyewe kabla ya kila umwagaji, na kuna siku tulirudisha lori la mchanga baada ya fundi mkuu kuuonja na kutema.

Maji ya mvua, watu wanayatia chumvi mno. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa letu ni mita za mraba 900, na mvua za huku kwa mwaka ni kama milimita 1,000, kwa hiyo kwenye karatasi ni lita 900,000, ukitoa zinazopotea labda 700,000. Inasikika kubwa. Lakini mvua yetu ni ya msimu mmoja, Novemba au Desemba mpaka Aprili, Mei, baada ya hapo ni ukame mtupu. Tangi letu ni lita 100,000. Wafanyakazi 80, kila mmoja lita 20 kwa siku, ni lita 35,000 hivi kwa mwezi. Likijaa mapema Mei, kufika mwisho wa Julai limekauka. Kwa hiyo maji hayo ni ya vyoo na kudekia, ya bomba la mamlaka yanabaki ya kunywa na kunawa, na maji ya sinki yanakwenda kwenye miti. Mteja alitaka nimwandikie kwamba kampasi "inajitosheleza kwa maji". Nimekataa kusaini.

Mikorosho tuliipa namba, kila mti na bei yake kwenye mkataba: ukiukata, unakatwa. Kazi ya kuitunza ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Ugomvi ukawa kwingine, kwamba korosho zake zitakuwa za nani. Kamati ya watu wazima, wenye shahada, ilijadili suala hilo nusu saa. Madereva wanalalamika mabibo yanachafua magari, na wana haki, kwa hiyo magari yamehamishiwa upande wa magharibi na kivuli cha mikorosho wamepewa bodaboda na watembea kwa miguu, ambao ndio wengi.

Mama lishe wa pale nje naye amejengewa banda lenye paa, maji na mahali pa kumwaga maji machafu, ndani ya uzio lakini lenye dirisha la barabarani, asipoteze wateja wake wa zamani. Mkurugenzi alikuwa na ndoto ya mgahawa wenye mashine ya kahawa. Nilimwuliza mara ya mwisho kula ugali wa muhogo na pweza wa yule mama ilikuwa lini. Akacheka, maana ilikuwa jana yake.

Tumeshakabidhi majengo mawili, na tuko kwenye kipindi cha matazamio, ambapo mkandarasi bado anarekebisha kasoro. Nimetundika vipimajoto vya bei nafuu kwenye vyumba kadhaa, na napita kuuliza watu badala ya kuhesabu nyufa tu. Chumba cha masijala, kona ya kaskazini magharibi, kina joto kuliko vingine alasiri na tunakiongezea ukuta wa matundu. Mopu zinakauka. Wakulima wanalala barazani saa tano mchana, jambo ambalo ofisa mmoja ameliandikia barua ya malalamiko.

Barua nyingine imekuja wiki hii kutoka utawala. Nafasi haitoshi, wanaomba varanda ya ghorofa ya juu izibwe kwa aluminiamu na vioo, zipatikane ofisi nne. Varanda hiyo ndiyo inayouingizia upepo upande wote wa kusini. Nimejibu kwa kurasa mbili na mchoro mmoja, na kikao ni mwezi ujao. Nimeomba mhasibu na dada wa usafi waalikwe.